Santuri Iliyopelekwa Mavuno

Nina mguu mmoja usio na adabu. Wimbo wa pili ukifika pale ambapo magitaa yote yananyamaza na ngoma inabaki peke yake, mguu wangu wa kulia unapiga sakafu bila kuniuliza. Umeshanifanyia hivyo dukani mbele ya wateja, na siku moja benki, nikiwa nimeziba masikio na vile vidude vya kusikilizia, mpaka mlinzi akanigeukia. Kwenye simu wimbo ule unapita pale bila tatizo, laini kama lami mpya. Kwenye sidii pia. Mguu wangu ulikuwa unapiga mahali pasipo na kasoro, kwa sababu kasoro yenyewe ilikuwa kwenye santuri ya baba, na kwa miaka mingi sikujua santuri ya baba iko kwa nani.

Mimi ni mwanamke wa Kimeru, nina wajukuu, nauza vipuri vya pikipiki Levolosi, mjini Arusha, na napenda hevi metali. Watu wakisikia hivyo hutulia kidogo wakisubiri niseme kwamba natania. Sitanii. Kwaya pia naipenda, nimeimba sauti ya pili mpaka nikachoka kugombana na mwalimu wa kwaya. Lakini kitu kinachonisisimua mwili ni magitaa yanayokwaruza na ngoma inayokimbia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Asiyependa aende zake, barabara ni pana.

Ugonjwa huu nimerithi kwa baba. Alikuwa seremala kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Tengeru. Mwenye shamba, mzungu, alipofunga virago kurudi kwao aliwagawia wafanyakazi vitu vya nyumbani. Wengine walipata magodoro, wengine masufuria. Baba alirudi na mashine ya santuri iliyotumia betri, yale mawe ya redio, pamoja na sanduku la santuri ambazo hakuna aliyejua ndani yake mna nini. Mama alikuwa ametamani sufuria, na alisema hivyo.

Baba alizijaribu santuri moja moja. Nyingi zilikuwa za watu wanaoimba kwa kubembeleza, na kila aliposikia mmoja wao alitikisa kichwa na kuitoa. Baba aliwagawa binadamu wote katika makundi mawili, wanaofanya kazi na waliotia mikono mifukoni, na wale waimbaji aliwaweka kundi la pili. Kisha akatoa moja yenye kava jeusi, imechorwa mkono ulioshika nyundo juu ya moto. Sindano ilipogusa, kuku waliokuwa mlangoni walikimbia. Baba hakukimbia. Aliketi, akasikiliza upande mzima, akavua kofia.

"Hawa watu," akasema, "wanafanya kazi."

Toka siku ile, kila Jumapili baada ya ibada na chakula, tukiwa tumeshiba loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, na usingizi unatunyemelea, ile santuri ilipigwa nyumbani kwetu mlimani, juu ya Maji ya Chai. Sebule yetu baba aliisakafia mbao kwa mikono yake, jambo ambalo majirani waliliona ni majivuno, na kwa kweli yalikuwa majivuno. Mashine ilikaa juu ya meza ndogo. Wimbo wa pili ulikuwa na mkwaruzo, na sindano ikifika hapo ilikwama, ngoma ikarudia pigo lilelile bila kwenda mbele. Baba hakuinuka kuigusa. Alipiga mbao kwa kisigino mara moja, sindano ikaruka, wimbo ukaendelea. Nilipofikia umri wa kuaminiwa alinikabidhi kazi ile. Ukiwahi, sindano inaruka kabla ya wakati na kula kipande cha wimbo. Ukichelewa, ngoma inakurudia mpaka unaona aibu. Mama wakati wote huo alikaa pembeni na ungo wake akichambua maharage, midomo ameifunga, nami niliamini anatuvumilia tu.

Baba alipofariki, santuri zilibaki kwa mama. Mimi nilikuwa nimeshaingia mjini, nimepata wagonjwa wenzangu. Tulikuwa wachache, tukikutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha rafiki yangu mmoja, Mchaga, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa mabasi na sasa anaendesha magari ya watalii. Namwita Mangi, naye ananiita Shangazi ingawa tunalingana. Tulirekodi santuri kwenye kaseti, tukaazimana mpaka utepe ukakatika, tukaunga kwa gundi. Msemo wa baba tuliufanya kuwa mizani yetu. Wimbo mpya ukiisha tuliulizana kama hao watu wanafanya kazi au wametia mikono mifukoni, na ugomvi ulianzia hapo.

Siku moja Mangi alirudi kutoka Nairobi na kitu amekifunga ndani ya leso. Alikifungua taratibu, tukaona kisahani kinachong'aa, sisi sote tukajiona nyuso zetu ndani yake. Hatukuwa na mashine ya kukipigia. Tulikaa nacho wiki nzima tukikitazama tu, kisha tukajikusanya kwenda duka moja la vyombo vya umeme mjini, tukamwomba muuzaji akijaribu kwenye redio aliyokuwa akiiuza. Ninachokumbuka si wimbo, ni kile kimya kabla ya wimbo. Sisi tulizoea kwamba muziki unatanguliwa na kunguruma kwa vumbi, kama mafuta yanavyoanza kulia kikaangoni. Kwenye sidii hapakuwa na kitu. Halafu ghafla gitaa. Mwenye duka alituomba tutoke, lakini Mangi alikuwa ameshatekwa. Palepale mlangoni akatangaza kwamba santuri imekufa na mazishi ni leo.

Wengi walimfuata. Santuri ziligawiwa, zikatupwa, zikachezewa na watoto. Mangi alizimwaga zake zote, na hilo halijaacha kumuuma mpaka leo, nami nahakikisha haliachi. Tena hakuishia kwetu. Alipanda mpaka kwa mama yangu kumsalimia, akapewa chai, na kwa kuwa mdomo wake hauna breki, akamweleza kwa kirefu kwamba ule mzigo wa marehemu chini ya kitanda hauna thamani tena. Mama alimsikiliza, akamwongeza chai.

Mwaka huohuo ugonjwa wa chulebuni uliingia kwenye kahawa. Miti ilisimama na punje nyeusi zilizokauka, hakuna hata mmoja aliyepata cha kupeleka chama cha ushirika. Na siku ya mavuno ikakaribia. Kwetu Walutheri wa mlimani, Jumapili ya mavuno hakuna anayekwenda kanisani mikono mitupu. Unapeleka ulichojaliwa, mkungu wa ndizi, jogoo, maharage, kahawa, vinawekwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, na baada ya ibada vinanadiwa uwanjani. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimejifungua. Nilipopanda kwa mama na mtoto mgongoni, niliinama chini ya kitanda nikakuta sakafu imefagiliwa. Lile sanduku alikuwa amelipeleka mavuno.

Nilipata habari zake kwa majirani, ambao walikuwa bado wanacheka. Mnadi, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa, hakujua ananadi nini. Kava moja lilikuwa na fuvu la kichwa, akaligeuza haraka kabla mchungaji hajaona. Watu walinunua kwa kuwa ni mavuno, na cha mavuno hakikataliwi. Mmoja alichukua akasema atafunikia mtungi. Mwingine alizitumbukiza kwenye maji ya moto akazikunja kuwa vyombo vya maua, akavirudisha kanisani, na kwa miaka kadhaa nilikula meza ya Bwana huku natazama muziki wangu umebeba maua ya karatasi. Jioni moja ukasikia sahani ya saa ya ukutani kwa fulani ni santuri. Ile yenye nyundo hakuna aliyekumbuka ilichukuliwa na nani.

Nilikasirika. Sikumtukana mama, sina ulimi huo, lakini nilinuna mpaka yeye mwenyewe akaniambia uso ukibaki hivyo utaganda. Nilijua nani wa kulaumiwa. Niliamini mama alidanganywa na Mangi kwamba zile ni takataka, naye akaona apeleke takataka kuliko kwenda bure. Niliishi na imani hiyo miaka yote. Nilinunua sidii ya nyimbo zilezile, na mguu wangu ukaanza ukorofi wake.

Halafu, kama mnavyojua, santuri ikafufuka. Mangi akiwapeleka wageni mbugani alianza kusikia vijana wa Ulaya wanajisifia santuri zao kama sisi tunavyojisifia ng'ombe. Alirudi Levolosi amenywea. Alianza kuzisaka upya, akanunua mashine mpya, na Jumamosi zetu zikarudi, safari hii nyuma ya duka langu, katikati ya minyororo na tairi za pikipiki. Tumezeeka, mmoja wetu sasa anasikiliza kwa sikio moja. Tumekusanya nyingi. Kila mmoja alijua kwamba zote zile ni za kupozea, na kwamba mimi natafuta moja.

Niliipata kijijini Kikwe, na nitasema ukweli, sidii ndizo zilizonielekeza. Nilikwenda kumpelekea mteja klachi ya pikipiki. Njiani nikaona shamba la mtama linametameta. Mtu alikuwa ametundika sidii kwenye kamba kutoka mti hadi mti, zinazunguka na upepo, zinatisha ndege. Nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu. Wale waliokuja kuizika santuri leo wamepewa kazi ya kufukuza kwerea. Bibi mwenye shamba alitoka kuona mwendawazimu gani anacheka kwenye mtama wake. Nikampa shikamoo, tukaulizana koo, ikaonekana aliwahi kukaa Maji ya Chai, usharika mmoja na mama, kabla hajahamia kwa mwanawe. Akanikaribisha uji.

Sebuleni kwake, kati ya kalenda na picha ya harusi, chini ya kitambaa cha kufuma, ulikuwepo mkono umeshika nyundo juu ya moto.

Uji ulinipalia. Bibi alieleza kwamba ile picha alinunua mavuno kwa sababu marehemu mume wake alikuwa mhunzi. Ndani kuna kisahani, hajawahi kukigusa. Nilimwambia ni ya nani. Alisikitika, akashika mkono wangu, na akakataa kuniuzia. Nilimwahidi kila nilichoweza kubeba, na kila nilichotaja alitikisa kichwa. Si kwamba alikuwa mgumu. Kitu kilichotolewa kwa Mungu, alisema, hakichuuzwi sebuleni, na kukupa bure ni kukuonyesha kwamba mavuno ni mchezo.

"Kilitoka kanisani, kitarudi kanisani," akasema. "Mavuno yakifika nitakipeleka kulekule. Ukigombee mnadani mbele ya watu."

Basi nikangoja, mimi ambaye siwezi kungoja hata chai ipoe. Na Mangi, mdomo ukiwa vilevile, akapiga picha ya lile kava siku aliyokwenda kuthibitisha, akaituma kwenye kundi la wapenda santuri ili ajionyeshe. Picha ikazunguka. Siku ya mavuno tulipofika usharikani, chini ya mlima uliokuwa wazi hadi kileleni, tulimkuta kijana mmoja mtanashati amesimama kando ya gari la hoteli ya kitalii. Kazi yake ni kununua vitu vya kale vya kupamba kuta. Aliniambia kwa heshima zote, shikamoo mama kwanza, kwamba kava lile litapendeza sana baa, na kwamba kisahani chenyewe kitapigwa msumari pembeni yake.

Msumari. Nilimgeukia Mangi nikamtazama tu. Alijua.

Ibada siikumbuki. Namkumbuka bibi wa Kikwe akipita katikati ya makuku na mikungu, ameibeba santuri ndani ya kanga kama mtoto anayekwenda kubatizwa. Uwanjani mnadi alikuwa mtoto wa yule mnadi wa zamani, sauti ileile. Waliuza maharage, waliuza jogoo mmoja mara tatu maana kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena, watu wakafurahi. Kisha akainua nyundo yetu.

Nilianza mimi. Kijana wa hoteli akanipita. Nikapanda, akapanda. Mangi alinisogelea akanong'ona kwamba alichonacho ni changu, na wenzetu wote wakajisogeza, wazee wenye fulana nyeusi chini ya makoti ya Jumapili, wakafungua mifuko. Tukapanda pamoja. Yule kijana alitabasamu akapanda tena, bila kujikuna, maana fedha haikuwa yake. Tulifika mahali Mangi akaangalia chini. Nilijua tumeishiwa. Nilihisi machozi, na mimi kulia mbele ya watu sipendi, nikageuka kutazama mlima. Mnadi akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wajane wenzake. Ana miaka mingi, haoni vizuri, na tulidhani amesinzia. Aliinua fimbo yake.

"Debe la kahawa," akasema. "Safi, imekaushwa. Ya ile miti aliyopanda baba yao."

Mnadi alisita. Hakujua debe la kahawa linasimama wapi mbele ya fedha. Alimtazama mchungaji, na mchungaji akamtazama mama, ambaye alikuwa anajitahidi kuinuka. Nilikimbia kumshika. Akasimama, akaniegemea, akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia.

"Mwaka ule kahawa ilikufa. Sikuwa na kitu cha kumpa Mungu, na mavuno hayapelekewi takataka. Nilitafuta ndani ya nyumba kitu kizuri kuliko vyote, nikampelekea hicho. Sasa kahawa imerudi, nimekuja kubadilisha."

Nilisimama pale nimemshika mkono, na miaka yote ya kununa ikanitoka, nikalia mbele ya watu bila kujali. Mnadi aliuliza kama yuko wa kumpita mama. Alimtazama kijana wa hoteli. Yule kijana, na hapa nampa haki yake, alivua kofia, akarudi nyuma hatua. Mnadi akaita mara ya tatu, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele ambavyo sijavisikia hata harusini kwangu. Bibi wa Kikwe alicheza. Wazee wangu wa fulana nyeusi walikumbatiana wakibomoana mbavu, Mangi akambeba jogoo asiyekuwa wake. Kijana wa hoteli tulimlazimisha anunue mikungu ya ndizi, naye akanunua mingi.

Tulipanda nyumbani na msafara. Zile mbao za baba bado zipo, zimelika katikati. Mangi aliitoa mashine yake kwenye gari, akaiweka juu ya meza ileile ndogo. Mimi niliitoa santuri kwenye kava. Ilikuwa safi, miaka yote ile hakuna aliyeigusa, ila ule mkwaruzo wa wimbo wa pili, unang'aa kama uzi. Mama alikuwa amekaa mahali pake na ungo mapajani, maharage ya mavuno hayamsubiri mtu. Niliweka sindano. Kwanza vumbi likaunguruma, kisha magitaa, na kuku walikimbia mlangoni kama mama zao walivyokimbia.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Sebule ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Wimbo wa pili ukaingia, ukapanda, magitaa yakanyamaza yote kwa pamoja, ngoma ikabaki peke yake. Ikakwama. Pigo lilelile, likarudi. Nilikuwa nimengoja pigo hilo zaidi ya nusu ya maisha yangu. Niliinua mguu.

Kabla haujatua, kisigino cha mama kilipiga mbao, mara moja, pale pale panapotakiwa. Sindano ikaruka, magitaa yakarudi yote, wimbo ukaendelea bila kupoteza hata nukta. Maharage hayakumwagika. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Umechelewa," akaniambia.